Bia ya Ukungu Katika Kibanda Chako

Mayu,

Shikamoo, mama mkwe wangu. Naandika nikiwa mlangoni pa kibanda chako cha pombe, nimekalia ile ndoo ya bluu iliyopasuka uliyokataza tusiitupe. Haijatupwa. Mwanao aliitupa mara moja nikaifuata jalalani, akanitazama kama mtu aliyeoa kwa bahati mbaya.

Kwanza habari za nyumba yako mpya. Tumekujengea kaburi. Mwanao alitaka marumaru, nikamwambia Mayu hakuwahi kukanyaga marumaru hata alipokuwa mzima, atateleza. Hakunisikia. Sasa una marumaru za rangi ya maziwa, zilezile zilizoko kwenye choo cha mwenyekiti wa kijiji. Jua likiwaka Didia nzima inakuona. Mama Shija, yule rafiki yako uliyeshindana naye kupika pombe maisha yenu yote, alikuja kutazama, akazunguka, akasema umependeza kuliko ulivyokuwa. Najua ungemjibu. Mimi nilinyamaza kwa niaba yako na iliniuma.

Lakini sikukaa hapa kukueleza marumaru. Nataka nikueleze kuhusu kibanda, na kuhusu Kabula, mjukuu wako, na kitu alichotunywesha. Bado kifua kinanijaa nikikumbuka, na siwezi kujisifu mbele ya majirani bila kuonekana nimelewa. Wewe huwezi kwenda kusema.

Ulipofariki Kabula alikuwa Mwanza. Tulikuwa tunawaambia watu kwamba anafanya kazi hotelini. Ilikuwa hotelini kweli, ila uani, ambako mzee mmoja wa Kizungu alikuwa akipika bia yake mwenyewe kwenye mapipa ya chuma. Kabula alianza kwa kuosha mapipa. Baadaye akawa anashika kipimajoto, mwishowe mzee akawa anaketi na Kabula ndiye anapika. Mzee aliporudi kwao, mwanao akamwambia binti yake atafute sasa kazi ya maana. Kabula akahamia Nyasubi, pale Kahama, akapanga chumba, akanunua mapipa ya plastiki yenye bomba chini, akaanza kupika.

Hakufika mbali. Mwenye nyumba alisema harufu inapanda hadi kitandani kwake. Na baa aliyopeleka chupa zake za kwanza, muuzaji alifungua moja, akaona ina ukungu, akasema imeharibika, akamwaga zote kwenye mtaro kabla ya kuonja hata moja. Kwa watu wa baa, Mayu, bia nzuri ni ile unayoona saa ya ukutani kupitia kwenye chupa. Kabula alinipigia simu jioni ile. Hakulia. Aliniuliza tu kama kibanda cha Bibi bado ni cha baridi.

Nikamwambia ni cha baridi. Kuta zako za udongo nene, ulizonilazimisha kuzikandika kila baada ya masika hata nilipokuwa na mimba ya huyohuyo Kabula, bado zinazuia jua kama ulivyotaka. Akasema anatafuta kibali, na wakaguzi wanataka mahali penye mlango wake na sakafu inayooshwa. Kuta anazo, mlango upo, sakafu ataweka. Akaniomba nimsemee kwa baba yake.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mwanao alikuwa ameshaanza maneno na Jilala. Jilala ni yule kijana wa Mwakitolyo mwenye karasha, ile mashine ya kupondea mawe ya dhahabu, anayevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Alitaka kibanda chako aweke karasha la pili huku Didia, awe anasomba mawe kwa lori. Fikiria, Mayu. Lile dude linanguruma kutwa, vumbi mpaka kwenye chungu, na wewe umelala hatua chache tu kutoka mlangoni. Zile kuta zisingefika Krismasi. Nilipomwambia mwanao hivyo, alisema marehemu hasumbuliwi na kelele. Nikamwambia marehemu huyu alikuwa anasumbuliwa na jogoo wa jirani.

Ila nisimwonee. Sababu yake nyingine ilikuwa nzito, na alinipa siku moja tukila, bila kuinua macho kwenye ugali. Alisema mama yake alipika pombe maisha yake yote, moshi ukala macho yake, ili watoto wasome. Pombe ile ndiyo iliyomsomesha Kabula. Haikumsomesha ili arudi kwenye pombe. Nilimwongezea mboga. Akasema atampa Jilala jibu baada ya siku ya kumbukumbu yako, tukishajengea kaburi.

Kwa hiyo ikawa hivyo, Mayu. Siku yako ndiyo ingeamua kama kibanda ni cha Kabula au cha karasha.

Kabula alikuja mapema na makreti yake. Kumbe mtama ule nilioupeleka Nyasubi miezi iliyotangulia, niliouotesha kama ulivyonifundisha, kuloweka, kutandaza juu ya gunia, kufunika na majani, kuunusa asubuhi na jioni kama mtoto mwenye homa, kile kimea changu alikichanganya na shayiri akapikia bia hii. Hakuwa ameniambia. Aliniita humu ndani kabla ya wageni, akafunga mlango, akasema nionje mimi kwanza.

Unajua mimi ni wa la saba na magazeti ya kufungia vitumbua, lakini kuonja nimesomea kwako. Nikakaa kwenye kigoda chako. Akafungua chupa, ikasonya kama Mama Shija akipitwa bila salamu. Akamimina kwenye glasi ndogo. Ilikuwa na rangi ya juisi ya embe iliyochanganywa na pera, nzito, na povu jeupe lililokaa juu bila haraka. Niliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, sikuona kidole changu upande wa pili. Moyo ukatulia kidogo. Pombe isiyoonekana upande wa pili ndiyo niliyolelewa nayo tangu nilipoolewa.

Nikanusa. Embe kwanza, yale madogo yenye nyuzi yanayoanguka mvua zikianza. Halafu ganda la chungwa, ukilikunja karibu na pua likakurukia. Nyuma kabisa kulikuwa na kitu kibichi, kama mkaratusi uliotoka kunyeshewa. Nikamwuliza ametia maembe mangapi. Akasema hakutia tunda lolote, ni maua tu, maua makavu ya kijani yanayotoka nje, yanaitwa hopsi, na harufu yote ile ni yao. Nikamwuliza bia yenyewe inaitwaje, akasema IPA, na hiyo I ni ya India. Nikamwuliza imetoka India? Akasema, "Hapana, Mama, imetoka Nyasubi." Nikaacha kuuliza.

Nikanywa. Ilipoingia ilikuwa laini, karibu tamu, kama uji uliopoa, nikaanza kujiandaa kuidharau. Ndipo uchungu ukaja. Ulipita pembeni mwa ulimi, kama mgagani uliopikwa na bibi harusi ambaye hakuambiwa amwage maji ya kwanza. Ukakaa. Nikameza, bado umekaa. Chini yake kukawa na joto linashuka kifuani polepole, nikajua hii ni kali, karibu mara mbili ya bia ya baa, ila imevaa nguo za Jumapili. Na mwisho kabisa, kila kitu kilipokwisha kuondoka, nikausikia mtama. Mtama wangu, Mayu. Ule ukavu wake wa vumbi zuri, kama ghala likifunguliwa. Nikagundua mkono umenyanyua tena glasi bila kuniuliza.

Kabula alikuwa ananitazama mdomoni. Alikuwa anangoja lile neno lako.

Unalijua neno lenyewe. Wewe hukuwahi kumsifu mtu. Pombe yangu ikiwa mbaya ulisema, "Wapeni kuku." Ikiwa mbaya zaidi ulisema, "Mpelekeeni Mama Shija." Na ikiwa nzuri kupita kiasi ulipangusa mdomo kwa kiganja, ukasema, "Inanyweka," ukatoka nje. Miaka yote niliyokaa kwako nililipata mara moja tu, mwaka ule wa mvua nyingi. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Kabula alikuwa mgongoni, kwa hiyo naye ni kama alikuwepo.

Sikumpa. Nilimwambia watu waonje kwanza. Sio ubahili. Niliona kuwa hapa ndani tuko wawili tu, mimi ni mama yake, na neno lako halifai kutolewa gizani.

Wageni walikuja, katekista akasali, tukala. Katekista akaaga mapema, maana ana hekima ya kutoona mambo. Ndipo Kabula akaleta makreti yake nje. Akapanga glasi zake ndogo mezani na watu wakacheka. Mama Shija akauliza kama ni za dawa ya kikohozi.

Kabula akafanya kama ulivyokuwa ukifanya. Akamimina, akasimama mbele ya watu wote, akanywa yeye kwanza mpaka chini, akageuza glasi kuonyesha haina kitu. Wazee hawakutegemea binti wa mjini akumbuke kuwa mwenye pombe ndiye hutangulia kuinywa, ili mgeni anywe bila wasiwasi.

Baada ya hapo mambo yakaharibika kwa heshima zote. Mama Shija alisema wazee wa Didia hawanywi walwa, pombe yetu ya mtama, kwa kijiko, akaingia jikoni kwangu bila ruhusa, kama alivyokuwa akiingia kwako, akatoka na vile vikombe vyako vikubwa vya plastiki, vya nusu lita. Akaagiza chupa zimiminwe humo. Kabula akamwambia kwa adabu kuwa hii ni kali, inywewe kidogo kidogo. Mama Shija akasema, "Mjukuu wangu, mimi nilikuwa nakunywa kabla mama yako hajajua kupuliza moto." Na kwa kuwa ilikuwa na ukungu kama yetu, na harufu ya matunda, wakainywa kama yetu. Kwa magoti mawili chini na kikombe juu, kama watu waliotoka kuvuna pamba.

Uchungu uliwashika kwanza. Mzee mmoja alifumba jicho moja na halikufumbuka kwa muda. Mwingine akasema hii ni dawa ya minyoo. Lakini hakuna aliyerudisha kikombe, na wewe ndiye uliyeniambia nitazame mikono ya wanywaji, niache midomo yao. Vikombe vikarudi kwa Kabula vikiwa vimenyooshwa tena. Baadaye kidogo ile kali ikavua nguo zake za Jumapili. Mama Shija alianza kuwasamehe watu ambao hawakuwa wamemkosea. Yule mzee wa jicho moja akacheza ngoma bila ngoma.

Na mwanao, Mayu. Kwenye mazishi yako hakulia. Alikuwa anasimamia turubai, anahesabu viti, anauliza maji yako wapi. Niliogopa. Mwaka mzima nilikuwa nakisubiri kile kilio kama mtu anayesubiri mvua iliyopita mbali. Siku hiyo alinyanyuka na kikombe chako mkononi, kile chenye alama ya meno ya Kabula alipokuwa mdogo, akasema anataka kuongea. Akaeleza jinsi alivyokuwa akiamka alfajiri anakukuta tayari uko motoni, na macho yako mekundu, na alivyodhani kuwa mama wote wana macho mekundu mpaka alipokwenda shule. Akafika hapo akashindwa. Akalia mbele ya watu wote, kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.

Alipojifuta akamwita Kabula. Akasema, "Mwanangu, kibanda ni chako. Chukua. Chukua na yule ng'ombe mwekundu." Watu wakapiga vigelegele. Mimi moyoni nilikuwa nimekwisha kumwona Jilala akiondoka na miwani yake.

Kabula akapiga goti, akasema, "Asante, Baba. Nitakuuliza kesho asubuhi."

Watu waliguna. Mtu mmoja akamwambia, "Chukua upesi, wewe binti, una akili kweli?" Hata mimi, Mayu, nusu ya moyo wangu ilitaka kumfinya. Lakini nusu nyingine ilikuwa imeshakukumbuka. Yule mwanamume aliyekupa ndama hapahapa, kwenye mtungi, akiwa amelewa na anakusifu. Ulimfunga ndama kwenye mti, ukamlisha vizuri, na kulipopambazuka ukamswaga mpaka kwa mwenyewe, ukamwuliza mbele ya mkewe kama bado anakupa. Alikataa. Ukarudi ukiimba. Ulisema hutaki kitu ambacho mwenyewe atakuja kukutazama nacho vibaya. Kabula alikuwa mdogo, alikuwa anakufuata nyuma na kijiti cha kuswagia.

Mama Shija aliinua kichwa kutoka kwenye mkeka alipokuwa amepumzika. Akamtazama Kabula muda mrefu. Akasema, "Huyu ni yeye." Kisha akalala tena. Kama kuna neno zuri aliwahi kusema juu yako, Mayu, ni hilo, na alilisema kwa mtu mwingine. Lipokee hivyohivyo.

Sikupata usingizi mzuri. Asubuhi mwanao aliamka na kichwa chake akakiketisha taratibu kwenye kiti kama yai. Nikampa uji. Hakusema kitu kuhusu kibanda. Akaongelea turubai la kurudisha. Akaongelea mbuzi. Kabula alikuwa uani anaosha vikombe vyako vya plastiki, kimoja baada ya kingine, na hakuuliza, ingawa alisema atauliza. Nikaona atanyamaza, na baba yake atanyamaza, na kibanda kitaondoka kwa kunyamaziwa.

Simu ya mwanao ikalia mezani. Ilikuwa ya Jilala, jina liko pale kwenye kioo, sote tunalisoma. Akaiacha ilie. Ikakatika. Ikalia tena.

Kabula akaingia humu kibandani, akatoka na chupa moja na ile glasi ndogo waliyoicheka. Akamimina nusu tu. Akaiweka mbele ya baba yake kando ya uji, akasema, "Baba, jana ulikunywa, hukuonja."

Mwanao aliitazama kwa hofu, kama mtu anayekutanishwa na shemeji aliyemtukana jana. Halafu akainyanyua akainusa. Akauliza kama ametia embe. Kabula akasema hapana. Akanywa kidogo, akafumba macho, uso ukakunjamana ule uchungu ulipofika, ukakunjuka. Akanywa tena. Akashusha glasi, akatazama mlango wa kibanda chako, na kuta, na marumaru zako zinavyong'aa pale nyuma.

"Nina mtama mdomoni," akasema.

"Ni wa Mama," Kabula akasema. "Aliotesha kama Bibi."

Baba yake akachukua simu, akampigia Jilala mwenyewe, akamsalimu, akamwuliza habari za Mwakitolyo, akaongea habari za mvua, nikaanza kukata tamaa. Mwisho akamwambia, "Kaka, karasha litafutie pengine. Hapa kuna mtu." Akakata simu. Akamwambia Kabula kuwa sakafu lazima iwe ya zege la kweli, si la kupaka, na kwamba kuhusu ng'ombe mwekundu alikuwa amelewa. Kabula akasema alijua.

Halafu wote wawili wakanigeukia. Tangu ulipoondoka, Mayu, hakuna mtu aliyewahi kutoa neno lako katika nyumba hii. Mwanao alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu nilipoletwa hapa nikiwa bibi harusi. Akasema, "Mama Kabula. Wewe ndiye umebaki. Unasemaje?"

Nikachukua ile glasi. Ilikuwa imebaki kidogo chini, ule ukungu mzito wa mwisho. Nikanywa. Nikasubiri uchungu uje, ukaja, ukakaa. Nikapangusa mdomo kwa kiganja.

"Inanyweka," nikasema, na nikatoka nje, kwa sababu ndivyo inavyofanywa, na kwa sababu machozi yangu sikutaka wayaone.

Nilimsikia Kabula akienda nyuma ya nyumba. Alicheka peke yake kama mwendawazimu.

Sasa sakafu imewekwa. Mapipa yake yamepangwa pale palipokuwa na mitungi yako, na mtungi mmoja nimeuacha kwenye kona, tupu, uwasimamie. Ile baa ya Nyasubi imeomba chupa, safari hii muuzaji ameonja kabla ya kumwaga, na hajamwaga. Mama Shija anakuja kila wiki kukagua, anasema uchungu umezidi, anamaliza glasi. Glasi ndogo. Tumejifunza.

Chupa ya kwanza iliyotoka humu nilikuletea, jioni, wakati mwanao yuko malishoni. Nilionja mimi kwanza mbele yako, ili usiwe na wasiwasi, kisha nikamimina pembeni mwa marumaru, kwenye udongo, maana marumaru hazinywi. Ilifanya povu ikazama. Sisimizi walikuja, na hawakuondoka haraka. Katekista usimwambie.

Nakuahidi haya, nikiwa nimekalia ndoo yako. Katika kibanda hiki mwenye pombe ataendelea kutangulia kunywa. Hakuna zawadi itakayopokewa kwenye mtungi mpaka mwenye kuitoa aamke na neno lilelile. Na Kabula nitamwonjea kwa haki. Akikosea nitasema wapeni kuku. Akipatia, hata moyo wangu ukiwa unataka kupasuka, sitaongeza juu ya neno lako hata moja jingine.

Lala, Mayu, kimya kipo. Nimekuhakikishia.

Mkweo,
Mama Kabula